Ulimi Ulio Mfukoni: Mkristo, Mchungaji na Mitandao ya Kijamii

Kiongozi wa dini hupimwa kwa mambo mengi, lakini tangu zamani kipimo cha kwanza kimekuwa ulimi wake. Waumini humsamehe mchungaji asiyejua kuimba, na humvumilia padre ambaye mahubiri yake ni marefu kuliko subira ya watoto. Bali yule asiyeweza kukizuia kinywa chake hapati msamaha upesi. Siku hizi ulimi huo umepata mwenzake, nao umo mfukoni. Ni simu ya mkononi, pamoja na WhatsApp, Facebook, YouTube, TikTok na mitandao mingine iliyomo ndani yake.

Ni nadra leo kuukuta usharika wa mjini, au hata wa kijijini penye mawasiliano, usiokuwa na kundi lake la WhatsApp. Humo hupitia matangazo ya misiba, ratiba za mazoezi ya kwaya, michango ya harusi, maombi kwa ajili ya wagonjwa na picha za ubatizo. Humo humo, kwa bahati mbaya, hupitia uvumi, masengenyo, matusi yaliyofunikwa kwa aya za Biblia, na siri za watu ambazo hazikupasa kutoka katika chumba cha mchungaji.

Basi swali lililo mbele ya makanisa si kama Mkristo atumie mitandao au asiitumie. Swali hilo limekwisha kujibiwa na maisha yenyewe. Linalobaki ni hili: aitumie vipi, asije akabomoa kwa kidole kimoja yale aliyoyajenga kwa miaka mingi ya kupiga magoti?

NENO HALIKUANZA LEO KUSAFIRI

Makanisa ya Afrika ya Mashariki hayajawahi kuogopa vyombo vya habari. Mwaka 1888 wamisionari wa UMCA walianza kuchapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi huko Unguja. Mwaka 1963 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifungua Redio Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vikatayarishwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya upashanaji habari, na kuanzia mwaka 1967 Kanisa Katoliki likawa na siku maalumu kila mwaka ya kuutafakari wajibu huo.

Lakini ipo tofauti moja kubwa. Neno lililotoka katika gazeti au redio lilipita kwanza mikononi mwa mhariri. Palikuwapo mtu wa kuuliza, “Je, habari hii ni kweli? Nani ameisema? Itamwumiza nani?” Ujumbe wa simu hauna mhariri. Mwenye kuuandika ndiye mwandishi, ndiye mhariri, ndiye mchapaji na ndiye mwenye kuugawa, naye huyafanya yote hayo kwa nukta chache tu, pengine akiwa na hasira au usingizi. Kwa hiyo busara iliyokuwa kazi ya wachache sasa imekuwa wajibu wa kila mwenye simu.

FAIDA ISIYOPASA KUSAHAULIWA

Haingekuwa haki kuyataja mabaya peke yake. Ugonjwa wa Korona ulipoingia mwaka 2020, nchi kadhaa zilisimamisha ibada za mikusanyiko. Rwanda ilifanya hivyo tarehe 14 Machi, na Uganda ikafuata tarehe 18 mwezi huo huo. Kenya nayo haikukawia. Wachungaji ambao hawakuwahi kusimama mbele ya kamera walijifunza kuhubiri mbele ya simu iliyoegemezwa juu ya rundo la vitabu, na familia zilisali sebuleni.

Milango ya makanisa ilipofunguliwa tena, baadhi ya faida zilibaki. Mzee asiyeweza tena kupanda kilima kwenda kanisani husikia mahubiri akiwa kitandani. Muuguzi wa zamu ya usiku husikiliza tafakari asubuhi anaporudi. Mfanyakazi wa nyumbani aliyeko Muscat au Dubai, ambaye huenda hana ruhusa ya kutoka Jumapili, husikia kwaya ya kwao ikiimba kwa lugha yake, akajua kuwa hajasahauliwa.

Hata hivyo, mambo fulani hayapiti katika waya. Mkono uliowekwa begani mwa mfiwa hauna badala yake. Alama ya kidole gumba iliyotumwa chini ya tangazo la msiba si kuhani msiba. Kiongozi mwenye busara huutumia mtandao kama kengele ya kuwaita watu, lakini hakubali kengele ichukue mahali pa ibada.

SIRI YA MGONJWA NA SIRI YA MTUBU

Jambo linalovunja imani ya waumini kuliko yote ni siri iliyotoka. Chukua mfano wa mama aliyekwenda kwa mchungaji akamweleza kwamba amepimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI. Mchungaji, kwa nia njema, anaandika katika kundi la usharika: “Tumwombee dada yetu fulani, majibu ya hospitali si mazuri.” Hakuitaja maradhi. Lakini kundi lina watu mia mbili, na kabla ya jua kutua watu kumi wamekwisha kuitaja kwa niaba yake. Mama yule hatarudi tena kwa mchungaji. Na linalotisha zaidi, huenda asirudi hospitali pia, kwa kuogopa kuonekana kliniki.

Wengi hujipa moyo wakisema kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa ufunguo wa siri. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe huo husafiri ukiwa umefichwa, hata asiweze kuusoma mtu wa njiani. Lakini ufunguo huo hulinda njia tu. Haulindi mwisho wa safari. Kila mmoja wa wale mia mbili anaweza kuupiga picha ujumbe katika kioo cha simu yake na kuupeleka atakako. Kufuta nako hakutoshi, maana kilichofutwa katika simu ya mtumaji kimekwisha kuhifadhiwa katika simu ya mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria nazo hazikulala. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Habari za afya ya mtu huhesabiwa kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Vazi la uchungaji halimpi mtu ruhusa ya kuzitangaza.

Kanuni hapa ni nyepesi. Jina la mgonjwa lisitajwe bila ridhaa yake mwenyewe, wala picha yake akiwa kitandani isipigwe, hata kama aliyekwenda kumwona ni askofu. Ombi la sala laweza kusema, “Tumwombee mgonjwa mmoja katika jumuiya yetu.” Mungu anayeombwa anamjua.

UGOMVI ULIOPINDUA NGAZI

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Wakristo wamepewa utaratibu wa kusuluhisha makosa. Kwanza umwendee ndugu yako mkiwa wawili tu. Asiposikia, uchukue mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa liambiwe. Ni ngazi tatu, na kila moja imewekwa ili heshima ya mkosaji ilindwe kadiri inavyowezekana, apate nafasi ya kurudi bila aibu.

Mtandao umeipindua ngazi hiyo juu chini. Mweka hazina akichelewa kutoa hesabu, mwanakwaya akikosana na mwalimu wake, mtu huanza na kundi zima. Watu mia mbili husoma tuhuma kabla mtuhumiwa hajaisikia. Hapo hata aliyekosa kweli hawezi tena kukiri kwa unyenyekevu, kwa sababu anajitetea mbele ya umati. Na asiyekosa hubaki na doa, maana waliosoma tuhuma ni wengi kuliko watakaosoma masahihisho. Migogoro mingine ya usharika, ambayo ingeisha kwa kikombe kimoja cha chai nyumbani kwa mzee wa kanisa, hufika mahakamani kwa njia hii.

Mkuu wa kundi anayeona maneno yameanza kuchemka hana haja ya kuhutubia. Na aandike mstari mmoja: “Jambo hili litazungumzwa ana kwa ana,” kisha awapigie simu wahusika mmoja mmoja. Mipango ya kundi humruhusu pia kuweka kwamba wasimamizi pekee ndio watakaoandika kwa muda. Yeyote asilione hilo kuwa ukandamizaji. Hata katika baraza la wazee, mwenyekiti ana haki ya kuwatuliza wasemaji.

UVUMI NA MISHALE MIWILI

Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unaufananisha ulimi na moto mdogo unaoweza kuteketeza msitu mkubwa. Nchi za Maziwa Makuu zinaujua moto huo si kwa mfano, bali kwa makaburi. Redio RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda Julai 1993, na katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 maneno yake yalichochea watu kuua majirani zao. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha ilitoa hukumu dhidi ya watu wa vyombo vya habari vya wakati ule, na ulimwengu ukakumbushwa kwamba mwenye kueneza chuki hawezi kujitetea kwa kusema, “Mimi nilisema tu.”

Simu ya leo ni kituo kidogo cha redio. Ujumbe unaolidharau kabila, dhehebu au dini nyingine hauwi mtakatifu kwa sababu umetumwa katika kundi la kanisa. Vivyo hivyo ujumbe wa dawa isiyojulikana, wa muujiza usio na mahali wala tarehe, au wa kutisha kwamba asiyeupeleka kwa watu kumi atapatwa na balaa. Imani haienezwi kwa vitisho vya namna hiyo.

Ipo alama ambayo kila mtumiaji afaa kuijua. Tangu mwaka 2019 WhatsApp imewazuia watu kupeleka ujumbe mmoja mbele kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi huonyeshwa kwa mishale miwili, na Aprili 2020 masharti yaliongezwa: ujumbe wa namna hiyo hupelekwa mahali pamoja tu kwa mara moja. Kwa hiyo aonaye mishale miwili ajue kwamba aliyemtumia si aliyeuandika, na huenda hakuna anayemjua mwandishi. Asimame kwanza. Amwulize aliyeutuma, “Umeupata wapi?” Asipopata jibu, aunyamazie. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikumwacha huru yule anayeupokea uongo tayari umeandikwa na kuusukuma mbele.

MHUBIRI ASIYEJULIKANA KWAO

Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa. Ilielezwa kwamba wengi walikuwa wamefunga kula kwa kuamini kwamba kwa njia hiyo wangekutana na Yesu; miongoni mwao walikuwamo watoto. Kiongozi wa kikundi hicho, Paul Mackenzie, alifikishwa mahakamani na akayakana mashtaka. Mahubiri yake yalikuwa yameonekana katika televisheni na katika video za YouTube, yakiwafikia watu mbali na pale alipoishi. Alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 2017 kwa tuhuma zilizohusu watoto kuzuiwa kwenda shule.

Msiba huo umeacha somo ambalo familia za Kikristo haziwezi kulipuuza. Katika kijiji, mhubiri anajulikana: nyumba yake, ndoa yake, madeni yake, na namna anavyowatendea watoto wake. Katika mtandao, linaloonekana ni uso, suti na sauti. Tena mitambo ya mitandao imetengenezwa kumletea mtu zaidi ya kile alichokitazama jana. Aliyetazama hotuba moja ya kutisha ataletewa ya pili na ya tatu, mpaka adhani kwamba dunia nzima inasema hivyo.

Kabla ya kumfuata mhubiri wa mtandaoni, yafaa nyumba nzima ijiulize maswali manne. Mhubiri huyu yuko chini ya nani, na ni nani awezaye kumwonya? Anasema nini juu ya hospitali na dawa? Anasema nini juu ya shule za watoto? Je, anawavuta watu mbali na wenzi wao, wazazi wao na kanisa lao? Anayekataza dawa, anayekataza shule, na asiye na wa kumwonya ni hatari, hata kama anaitaja Biblia katika kila sentensi.

SADAKA NA MATAPELI

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, fedha za Afrika ya Mashariki zimezoea kusafiri kwa simu, na sadaka nazo zikafuata. Ni msaada mkubwa, lakini matapeli nao wameuona. Hufungua akaunti yenye picha na jina la askofu au mwinjilisti anayejulikana, kisha huwaandikia waumini mmoja mmoja wakiomba “mbegu ya imani” au mchango wa yatima.

Dawa ni uwazi. Namba ya kupokelea sadaka iwe ya kanisa, iliyoandikishwa kwa jina la kanisa, si ya mchungaji wala ya mke wake. Itangazwe madhabahuni na kubandikwa ubaoni. Fedha zitolewe kwa idhini ya watu zaidi ya mmoja, na hesabu zisomwe mbele ya waumini. Kiongozi naye atangaze mara kwa mara kwamba hamwombi mtu fedha kwa ujumbe wa faragha. Hapo tapeli atakosa mlango.

Tena kila mwenye simu aijue hila hii: mtu huandika akijifanya rafiki, akaomba arudishiwe namba ya tarakimu sita iliyofika kwa ujumbe mfupi. Namba hiyo ni ufunguo wa akaunti ya WhatsApp. Anayeitoa ameikabidhi nyumba yake. Asipewe mtu yeyote. Na katika mipangilio ya WhatsApp iko nafasi ya kuweka namba ya siri ya pili, ambayo ni kama komeo juu ya kufuli.

WATOTO NA MEZA YA CHAKULA

Facebook, Instagram na TikTok zote husema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 13 asifungue akaunti. Wazazi wengi hawalijui sharti hilo, au hulijua na kufumba macho. Mtoto aliyepewa simu ili anyamaze amepewa pia mlango usio na bawabu.

Kanisa nalo lina wajibu. Picha za watoto wa Shule ya Jumapili zisiwekwe mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, wala zisiandikwe majina yao au shule wanazosoma. Mwalimu au mchungaji asimwandikie mtoto ujumbe wa faragha, hasa usiku. Mawasiliano yapitie katika kundi walimo wazazi na watu wazima zaidi ya mmoja. Utaratibu huu humlinda mtoto, na humlinda pia mwalimu mwema asisingiziwe.

Mama wa nyumbani, ambaye ndiye mtunza mfuko, akumbuke kuwa bando nalo ni matumizi kama unga na mafuta ya taa. Katika mipangilio ya WhatsApp yawezekana kuzuia video zisijipakue zenyewe, na hilo peke yake huokoa fedha nyingi mwisho wa mwezi. Na saa ya chakula cha jioni, simu zote, ya baba ikiwa ya kwanza, ziwekwe kabatini. Mtoto hafundishwi kuiacha simu na mzazi ambaye hawezi kuiacha.

MWENENDO WA KIONGOZI

Baadhi ya makanisa yamekwisha kuandika miongozo. Tarehe 1 Julai 2019 Kanisa la Anglikana la Uingereza lilitoa mkataba wake wa mitandao, uliojengwa juu ya ukweli, wema, ukaribisho, kutia moyo na umoja. Tarehe 28 Mei 2023 Idara ya Mawasiliano ya Vatikano ilitoa waraka uliochukua mfano wa Msamaria Mwema, ukiwataka waumini wawe majirani mtandaoni, wasiwe wapita njia. Hata usharika mdogo waweza kuandika wake katika ukurasa mmoja, kwa mfano huu:

1. Kundi ni la matangazo, sala na kutiana moyo. Siasa za vyama na biashara zina mahali pake.

2. Siri ya mtu haiandikwi, hata kwa mafumbo.

3. Habari ya kifo haitangazwi kabla ndugu wa marehemu hawajaarifiwa.

4. Anayetaka kulaumu na amwendee mwenzake ana kwa ana.

5. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na baada ya saa tatu usiku, kundi linyamaze, isipokuwa kwa dharura.

6. Aliyekosea mbele ya wote asahihishe mbele ya wote, bila kuchelewa.

Kiongozi awe wa kwanza kuyashika haya. Maneno anayoyaandika kama mtu binafsi husomwa kama maneno ya kanisa, hata akiandika kwamba ni maoni yake tu. Asijibu tusi kwa tusi. Asiweke picha ya kila msaada alioutoa, akimpiga picha mjane huku amemshikisha kilo mbili za sukari. Injili ya Mathayo, sura ya 6, imekwisha kuonya juu ya sadaka inayopigiwa tarumbeta. Asihesabu wafuasi wa mtandaoni akadhani amehesabu kondoo. Wafuasi elfu kumi hawamzidi uzito mzee mmoja aliyelala mgonjwa, akingoja kusikia hodi ya mchungaji wake mlangoni.

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Zana mpya haikuibatilisha hekima hiyo. Imeifanya iwe ya lazima zaidi. Kila Mkristo, kabla ya kubonyeza, na asimame kwa pumzi moja ajiulize: ni kweli, kuna haja, na yule ninayemwandika angekuwa amesimama hapa ningemsomea usoni pake? Akijibu ndiyo mara tatu, na atume. Akisita hata mara moja, simu irudi mfukoni.